Samoni na halibati wa Alaska: Msimu wa siku 124 unaolisha mwaka mzima

WENYE boti za kukodi katika miji ya Homer, Seward na Ketchikan, jimbo la Alaska nchini Marekani, hupata sehemu kubwa ya mapato yao ya mwaka kati ya Mei 15 na Septemba 15. Hizo ni siku 124. Ndani ya siku hizo wanatakiwa kulipa mkopo wa boti, bima, maegesho ya bandarini, mafuta na mishahara, kisha wabaki na akiba ya kuwavusha miezi minane ya baridi, dhoruba na giza.

Biashara yenyewe ni uvuvi wa burudani. Mgeni hulipa nauli, hupewa ufito, ndoana na chambo, hupelekwa baharini au mtoni, na jioni hurudi na samaki wake. Samaki wanaowavuta wageni hao ni wa aina mbili: samoni, ambao huingia mitoni kwa makundi kufuatana na majira, na halibati, samaki bapa mkubwa wa chini kabisa ya bahari. Kila mmoja ana kalenda yake, na bei ya kiti ndani ya boti hupanda na kushuka kwa kuifuata.

Kwa mfanyabiashara au mwekezaji mdogo, uvuvi huu ni mfano mzuri wa biashara ya msimu. Unaonyesha jinsi tabia ya samaki, mwendo wa maji, uamuzi wa serikali na safari za watalii vinavyokutana katika namba moja, yaani idadi ya viti vilivyouzwa.

BIDHAA NI KITI

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba samaki aliyevuliwa kwa burudani hauzwi. Sheria ya Alaska inakataza kumuuza, kumnunua au kumbadilisha kwa bidhaa nyingine. Mgeni humla, humgawa bure kwa jamaa zake, au humgandisha na kusafiri naye nyumbani. Kwa hiyo mwenye boti haangalii bei ya samaki sokoni. Anachouza ni kiti cha siku moja.

Kiti hicho ni bidhaa inayoharibika upesi kuliko samaki mwenyewe. Samaki anaweza kuwekwa kwenye barafu hadi kesho. Kiti kilichobaki kitupu boti ilipong'oa nanga saa kumi na mbili asubuhi hakiuziki tena milele. Ndiyo sababu biashara hii hulipwa kwa malipo ya awali, na nafasi za Julai huanza kuuzwa tangu majira ya baridi.

Idadi ya viti nayo ina ukomo. Nahodha mwenye leseni ya kawaida ya boti ndogo za abiria, inayotolewa na Walinzi wa Pwani wa Marekani, haruhusiwi kubeba zaidi ya abiria sita. Boti kubwa zaidi huhitaji ukaguzi maalumu na gharama zaidi. Sehemu kubwa ya wafanyabiashara wadogo wamo katika kundi hilo la abiria sita.

Nje ya boti kuna mnyororo mrefu wa watu wanaoitegemea: wenye nyumba za wageni, wauza barafu na chambo, wakodishaji wa magari, na mafundi wa kuchuna, kufungasha na kugandisha minofu. Wageni wengi hupanda ndege na sanduku la samaki waliogandishwa kama mzigo wao wa kawaida. Boti zikikosa wageni kwa wiki moja, pengo hilo huonekana mji mzima.

KALENDA YA SAMONI

Samoni wa Pasifiki huzaliwa mtoni, hushuka baharini kukua, kisha hurudi katika mto uleule kutaga mayai na kufa. Wakisha kuingia maji baridi huacha kula, na huishi kwa mafuta waliyoyahifadhi mwilini. Kwa sababu hiyo samoni aliyenaswa baharini au kwenye mlango wa mto huwa mnono na mwenye rangi ya fedha, na ndiye mgeni anayemtaka. Aliyekwisha kupanda mto kwa wiki kadhaa hubadilika rangi na nyama yake hulegea.

Aina tano hupatikana Alaska, na hazifiki kwa wakati mmoja:

Mei na Juni: Huingia samoni wa Chinook, ambaye wavuvi humwita mfalme kwa ukubwa wake. Katika Mto Kenai kundi la kwanza huanza katikati ya Mei, na la pili huja Julai. Hapo ndipo Les Anderson alipomvua, Mei 17, 1985, mfalme wa ratili 97 na wakia 4, sawa na kilo 44 hivi. Rekodi hiyo ya uvuvi wa burudani iliutangaza mto huo kuliko tangazo lolote la kulipia.

Juni hadi mwanzo wa Agosti: Huja samoni mwekundu. Mto Russian, unaomwaga maji yake katika Kenai, hupokea kundi moja kuanzia katikati ya Juni na jingine katika nusu ya pili ya Julai. Kundi kubwa la Mto Kenai wenyewe hufika kilele katika nusu ya pili ya Julai, na kingo za mto hujaa watu bega kwa bega.

Julai na Agosti: Samoni wa chum na samoni wa waridi. Huyu wa mwisho huishi miaka miwili tu, si zaidi wala pungufu, kwa hiyo watoto wa mwaka wa shufwa na wa mwaka wa witiri hawachanganyiki. Katika Mto Kenai huonekana kwa wingi miaka ya shufwa. Mwenye hesabu za mwaka mmoja tu anaweza kudanganyika kirahisi.

Agosti na Septemba: Samoni wa Coho, aitwaye wa fedha. Ni mpiganaji akinaswa, na hufunga msimu. Mji wa Seward huendesha mashindano ya kumvua kila Agosti, na mashindano hayo huleta wageni wakati ambapo miji mingine imeanza kupoa.

Hata miezi ya baridi haiko tupu kabisa. Katika Ghuba ya Kachemak, mbele ya Homer, wapo wafalme wachanga wanaokula baharini mwaka mzima, na mji huo umekuwa na mashindano yake ya kuwavua. Hata hivyo wateja wa wakati huo wengi ni wenyeji, na siku zenye bahari tulivu ni chache.

HALIBATI HUFUATA KINA

Halibati haingii mtoni. Mwendo wake ni wa kupanda na kushuka baharini. Kati ya Novemba na Machi huteremka hadi kwenye mteremko wa bahari, mamia ya mita chini, kutaga mayai. Majira ya joto yakianza hupanda kwenye maji ya kina kidogo kutafuta chakula, na hapo ndipo boti ndogo zinapoweza kumfikia na kurudi siku ileile.

Kisheria, uvuvi wa burudani wa halibati huwa wazi kuanzia Februari 1 hadi Desemba 31. Kibiashara msimu ni Mei hadi Septemba. Tofauti kati ya tarehe hizi mbili ni jambo la kuzingatiwa na kila mwekezaji, kwani leseni inaweza kuruhusu miezi 11 ilhali bahari na wateja wanaruhusu minne tu.

Mei halibati wengi bado wamo njiani kutoka kilindini, na safari huwa ndefu. Juni na Julai huwa karibu zaidi na pwani. Agosti uvuvi huendelea vizuri, lakini upepo wa masika ya kaskazini huanza kujitokeza, na kufikia katikati ya Septemba siku za kulazimika kubaki bandarini huongezeka.

Halibati wakubwa karibu wote ni majike. Samaki huyu anaweza kuishi hadi miaka 55, na jike huchukua zaidi ya miaka 10 hivi kabla ya kuanza kutaga. Rekodi ya dunia ya kumvua kwa ufito ni ya ratili 459, sawa na kilo 208, aliyevuliwa na Jack Tragis huko Dutch Harbor, Juni 11, 1996. Kwa mgeni, samaki mkubwa ni picha ya kutundika ukutani. Kwa wasimamizi wa uvuvi ni mama wa mamilioni ya mayai, na hapo ndipo mvutano wa sheria unapoanzia.

MAJI MAFU YANA SOKO

Ndani ya mwezi mmoja bei haitofautiani sana, lakini thamani ya siku hutofautiana. Mlango wa bahari wa Cook, ambao Homer iko upande wake wa kusini, una maji yanayojaa na kupwa kwa kiasi kikubwa kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Marekani. Wakati wa bamvua mkondo huwa na nguvu mno, risasi haigusi chini na chambo huelea. Halibati anayelala sakafuni hakioni chambo hicho.

Maji mafu yakifika, mkondo hupungua na kipindi cha maji kusimama hurefuka. Manahodha wazoefu huwapanga wateja wao wa kudumu katika siku hizo, na siku za bamvua huwauzia safari za samoni au safari ya kuchanganya aina zote mbili. Jedwali la maji huchapishwa mwaka mzima kabla, kwa hiyo anayelisoma mapema ana faida juu ya mwenzake asiyegharimia hata dakika kumi za kulitazama.

Jambo jingine ni mwanga. Mwishoni mwa Juni, kusini mwa Alaska hupata saa 19 hivi za mchana. Boti moja inaweza kutoka mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, ikiwa kuna wahudumu wa kubadilishana. Mwishoni mwa Septemba saa hizo zimeshuka hadi 12 hivi, na nafasi hiyo imekwisha.

WATEJA WA BARABARANI NA WA MELI

Miji haifanani kwa namna ya kupata wateja. Homer na Seward zimeunganishwa kwa barabara na Anchorage, jiji kubwa kuliko yote Alaska. Seward iko umbali wa kilometa 200 hivi, na Homer kilometa 350 hivi. Wateja wake huja kwa gari, wengine na familia nzima, na huongezeka mwisho wa wiki. Bei ya mafuta ya gari ikipanda, simu za kuomba nafasi hupungua.

Ketchikan na Juneau, kusini mashariki, hazina barabara ya kuziunganisha na majimbo mengine. Wageni wengi hushuka kutoka meli kubwa za utalii, hukaa saa chache na kuondoka. Hapo kinachouzwa zaidi ni safari ya nusu siku, na samoni hufaa kuliko halibati kwa sababu hupatikana karibu. Mwenye boti wa huko hutegemea ratiba ya meli kuliko jedwali la maji. Meli ikighairi kutia nanga, siku hiyo imepotea.

Hatari hiyo ilijitokeza mwaka 2020, wakati janga la Uviko-19 liliposimamisha meli za utalii na wageni wa ndege kutakiwa kujitenga. Serikali ya Marekani ililegeza baadhi ya masharti ya halibati katikati ya msimu huo ili boti zipate angalau wateja wa ndani. Homer na Seward, zenye barabara, zilikuwa na mahali pa kushika. Miji ya meli haikuwa napo.

SHERIA HUGAWA KEKI

Halibati wa Pasifiki husimamiwa na tume ya pamoja ya Marekani na Kanada iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1923. Makao yake yako Seattle. Kila Januari tume hukutana, hutazama matokeo ya utafiti wa baharini, na kutangaza kiasi kitakachovuliwa mwaka huo katika kila eneo. Yale yanayohusu miji iliyotajwa hapa ni eneo la 2C, kusini mashariki, na 3A, kusini ya kati.

Tangu mwaka 2014, kiasi cha maeneo hayo mawili hugawanywa kwa kanuni maalumu kati ya wavuvi wa biashara na boti za kukodi. Keki ikipungua, kila upande hupunguziwa. Na keki imepungua kweli: kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hadi katikati ya miaka ya 2010 viwango vilikatwa sana, kwani halibati walikuwa wachache na wadogo kwa umri wao.

Boti za kukodi hazipewi tani za kugawana boti kwa boti. Hubanwa kwa masharti yanayomgusa mteja. Katika eneo la 2C mteja wa boti ya kukodi amekuwa akiruhusiwa halibati mmoja kwa siku, tena awe mdogo chini ya kipimo fulani au mkubwa mno juu ya kipimo kingine, na wa katikati warudishwe majini. Katika 3A ameruhusiwa wawili, mmoja wao akiwa na ukomo wa urefu, na kwa miaka kadhaa Jumatano zilifungwa kabisa, pamoja na baadhi ya Jumanne za msimu wa kilele.

Mgeni anayevua kwa boti yake mwenyewe, bila nahodha wa kulipwa, habanwi na masharti hayo. Yeye kwa kawaida huruhusiwa wawili wa ukubwa wowote. Wenye boti za kukodi hulalamika kwamba tofauti hiyo inawapeleka wateja kwenye boti za kujiendesha. Wavuvi wa biashara nao husema kwamba wao ndio waliobeba mzigo wa kupunguza kwa miaka mingi.

Upo mlango mmoja wa kati. Mwenye boti ya kukodi anaweza kukodi sehemu ya mgao wa mvuvi wa biashara, na mteja wake akachukua samaki ambaye masharti ya kawaida yangemnyima. Gharama huongezwa kwenye nauli. Katika eneo la 2C, ambako masharti ni makali zaidi, samaki mkubwa wa kuchukuliwa nyumbani amekuwa na bei yake ya ziada.

KIBALI NI MALI

Tangu Februari 2011, boti ya kukodi haiwezi kupeleka wateja kuvua halibati katika maeneo hayo bila kibali maalumu cha serikali kuu. Vibali vilitolewa kwa waliokuwa na historia ya kufanya biashara hiyo, na baada ya hapo mlango ulifungwa. Anayetaka kuingia lazima anunue kwa mwenye nacho.

Si vibali vyote vinavyouzika. Vingine vilitolewa kwa sharti la kutohamishwa, na hufa mwenye navyo anapofariki au kampuni inapobadili wenyewe. Aidha kila kibali huandikwa idadi ya wavuvi kinaowaruhusu kwa wakati mmoja. Mnunuzi wa boti asiyesoma karatasi hiyo anaweza kujikuta na boti ya watu sita yenye kibali cha wanne, au boti nzuri isiyo na haki ya kuvua halibati hata mmoja.

Kwa hiyo bei ya biashara kamili ni ya vitu vitatu: boti, kibali na orodha ya wateja wa kudumu. Boti huchakaa. Kibali hupanda na kushuka kufuatana na uamuzi wa Januari. Orodha ya wateja hudumu kwa muda ule tu ambao nahodha anayefahamika nao bado yupo usukani.

HESABU YA SIKU ZILIZOFUNGWA

Uzito wa siku moja iliyofungwa unaonekana vizuri kwa hesabu ya mfano. Namba zifuatazo si takwimu za boti yoyote, bali zimewekwa ili kuonyesha mwendo wa fedha.

Chukua boti ya watu sita huko Homer. Msimu una siku 124. Jumatano zilizofungwa ni kama 18, zinabaki siku 106. Upepo ukila siku 16, zinabaki 90. Siku 90 kwa viti sita ni viti 540. Boti ikijaa kwa asilimia 80, viti vilivyouzwa ni 432. Kwa nauli ya dola 300 kwa kiti, mapato ni dola 129,600.

Weka gharama zote za msimu kuwa dola 108,000, ambazo ndani yake mafuta na chambo ni dola 400 kwa kila siku ya kutoka. Faida ni dola 21,600.

Sasa serikali ifunge Jumanne nane za Julai na Agosti. Boti hupoteza viti 38 hivi, yaani dola 11,400. Itaokoa dola 3,200 za mafuta na chambo, lakini mkopo, bima na maegesho hulipwa vilevile. Hasara halisi ni dola 8,200, na faida inashuka hadi dola 13,400. Siku zilizopotea ni chini ya asilimia 9 ya siku 90. Faida iliyopotea ni asilimia 38.

Tena hesabu hiyo inachukulia kwamba Jumanne za Julai hujaa sawa na siku nyingine. Zikiwa zinajaa zaidi, kama ilivyo kawaida ya Julai, pengo ni kubwa zaidi. Wenye boti hujaribu kuliziba kwa kuuza safari za samoni siku ambazo halibati amefungwa. Dawa hiyo hufanya kazi pale tu samoni wanapokuwepo.

MFALME AMEPUNGUA

Hapo ndipo tatizo la pili lilipo. Samoni mfalme, aliyekuwa akifungua msimu wa Mei na kuwaleta wageni wenye fedha zaidi, amepungua katika mito mingi ya Alaska. Katika Mto Kenai, uvuvi wa mfalme ulifungwa mwaka 2023, na ukafungwa tena mwaka 2024. Mwaka 2023 wavuvi wa biashara wa nyavu za ufukweni mashariki mwa mlango wa bahari wa Cook nao walifungiwa, ili wasiwanase wafalme wachache waliobaki pamoja na samoni wekundu.

Kwenye Mto Yukon hali ilikuwa mbaya zaidi. Aprili 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusimamisha uvuvi wa mfalme katika mto huo kwa miaka saba, muda wa kizazi kizima cha samaki huyo.

Kwa Mto Kenai matokeo ya kibiashara ni kuhama kwa msimu. Mei na nusu ya kwanza ya Juni, zilizokuwa za mfalme, zimebaki dhaifu. Uzito umehamia Julai, kwa samoni mwekundu, na Agosti, kwa wa fedha. Samoni mwekundu huvuliwa zaidi kwa kusimama ukingoni, na mtu mwenye viatu virefu vya mpira anaweza kumpata bila kukodi boti wala nahodha. Wingi wake haujazi pengo la mfalme katika mfuko wa mwenye boti, ingawa muuza barafu na mwenye duka la ndoana wanaweza kupata mwaka mzuri.

Serikali ya jimbo hujaribu kupunguza makali kwa vituo vya kuzalisha vifaranga. Kile cha Anchorage kilichofunguliwa mwaka 2011 hupeleka samaki katika mito na maziwa ya eneo la kusini ya kati, na kwenye kidimbwi cha Homer huachiwa vifaranga ambao hurudi wakiwa wakubwa na kuvuliwa palepale. Kufuga samoni hadi wa kuuzwa, kama wafanyavyo Norway na Chile, kumepigwa marufuku Alaska tangu mwaka 1990.

SOMO LA WAVUVI WA BIASHARA

Wenye shaka kwamba kalenda inaweza kubadili bei watazame upande wa uvuvi wa biashara wa halibati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika maeneo mengi ya Alaska, uvuvi huo ulifunguliwa kwa saa 24 mara chache tu kwa mwaka. Boti zote zilitoka kwa mkupuo, hata dhoruba ikivuma. Samaki wote walifika gatini siku moja, bei ikaanguka, na sehemu kubwa iligandishwa.

Mwaka 1995 kila mvuvi alipewa mgao wake na msimu ukawa wa miezi minane, kuanzia Machi 15 hadi Novemba 15. Kila mmoja aliweza kuchagua siku ya kutoka. Samaki wabichi wakaingia sokoni wiki baada ya wiki, wauzaji wa rejareja wakawa na bidhaa ya kuaminika, na bei ya mvuvi ikapanda. Kilichobadilika ni tarehe, si samaki.

Boti za kukodi haziwezi kuurefusha msimu namna hiyo, kwa sababu mteja wao haagizi samaki. Anaagiza likizo, na likizo iko Julai.

KULINGANISHA NA PWANI YA AFRIKA MASHARIKI

Wafanyabiashara wa Watamu, Malindi, Shimoni na Mafia wataitambua biashara hii mara moja. Tofauti ni kwamba huku kalenda imegeuzwa. Uvuvi wa nduaro, sulisuli na jodari kwa boti za watalii hushika kasi kuanzia Agosti na kuendelea wakati wa kaskazi hadi Machi, kisha hulala wakati wa masika na kusi kali. Wakati boti za Homer zimejaa mwezi Juni, za Malindi nyingi ziko nchi kavu zikikwanguliwa na kupakwa rangi.

Ipo tofauti nyingine yenye faida. Mgeni wa Alaska huenda kujaza sanduku la minofu, kwa hiyo sheria ikipunguza samaki, safari hupoteza thamani machoni pake. Katika pwani ya Kenya imezoeleka kuwatia alama nduaro na sulisuli na kuwaachia. Mgeni hulipia pambano na picha. Biashara iliyojengwa hivyo haishtuki sana kiwango cha kuvua kinapokatwa, ingawa mfumo wa miezi ya njaa ni uleule.

TAREHE ZA KUTAZAMA

Anayefuatilia biashara ya uvuvi wa Alaska, kama mnunuzi wa boti, wakala wa safari au mkopeshaji, ana vipindi vinne vya kutegea sikio.

Cha kwanza ni Desemba na Januari. Desemba baraza la uvuvi la Pasifiki ya Kaskazini hupendekeza masharti ya boti za kukodi, na mwishoni mwa Januari tume ya halibati hutoa uamuzi. Anayekubali malipo ya awali kabla ya hapo anauza siku ambazo huenda zikafungwa.

Cha pili ni majira ya baridi hadi mwanzo wa Mei, ambapo Idara ya Uvuvi na Wanyamapori ya Alaska hutangaza matarajio ya samoni na kufungwa kwa mito.

Cha tatu ni Julai. Idara hiyo huhesabu samoni kwa mitambo ya sauti iliyowekwa mtoni na kutangaza namba kila siku. Hesabu ikipanda, idadi ya kuruhusiwa inaweza kuongezwa kwa amri ya dharura, na miji hujaa ndani ya siku mbili. Ikishuka, mto unaweza kufungwa kwa taarifa ya muda mfupi vilevile.

Cha nne ni mwisho wa Agosti. Boti ambayo haijalipa gharama zake kufikia hapo haina tena muda wa kutosha wa kufanya hivyo, na nyingi za kuuzwa hutangazwa kuanzia Oktoba. Huo ndio wakati ambao mnunuzi hupata bei nzuri, lakini ndio pia ambao hukumu ya Januari inayofuata bado haijulikani.